Binti Ana Mfuko wa Uzazi Kabla ya Kuwa Mama

Tangu Wizara ya Afya ilipoamua mwaka 2025 kwamba wasichana wa miaka 10 hadi 14 watadungwa dozi moja badala ya mbili ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, nimesikia maoni ya aina mbili hapa Nairobi, na yote mawili nayaona yamepotoka. Wapo wazazi wanaosema serikali imeishiwa na pesa, kwa hivyo mabinti zao wanapunjwa kinga. Wapo pia wasimamizi wa afya na wanahabari wanaoshangilia kana kwamba msichana akishadungwa sindano hiyo moja, habari ya afya yake ya uzazi imekwisha. Kundi la kwanza lina hofu inayoweza kujibiwa kwa ushahidi. La pili ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu ndilo lililoshika usukani. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa dozi moja ni sahihi kisayansi, lakini umetuondolea miadi mmoja kati ya miwili tu ambayo mfumo wetu wa afya ulikuwa nayo na mwili wa mtoto wa kike. Tumezoea kufungamanisha magonjwa ya kike na ngono na mimba, hivi kwamba msichana ambaye si mjamzito na hajanajisiwa hana mlango wa kupitia anapougua. Miadi ile ya pili inafaa ibaki, hata kama sindano haipo.

Hofu ya wazazi ni ya haki. Mtu aliyeambiwa tangu Oktoba 2019, chanjo ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 10, kwamba binti yake asipokamilisha dozi mbili hajakingwa, ana sababu ya kuuliza kilichobadilika. Kilichobadilika ni ujuzi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo ilitoka papa hapa kwetu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao waliwafuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2022 yalionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya virusi vya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Mwanza nako, Watanzania walipima kinga katika damu ya wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 na kukuta kwamba dozi moja huacha kinga inayodumu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake Desemba 2022. Ukikumbuka kwamba makadirio ya mwaka 2020 yalihesabu zaidi ya vifo 3,200 vya wanawake wa Kenya kutokana na saratani hii, na kwamba wasichana wengi waliopata dozi ya kwanza hawakurudi kwa ya pili, utaona kwa nini ni bora kuwafikia wengi kwa sindano moja kuliko kuwakimbiza wachache kwa mbili. Kuna jambo ambalo matangazo hulipita haraka mno: msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi bado anahitaji dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Mzazi wake aambiwe hivyo waziwazi, faraghani, na muuguzi anayeijua faili yake.

Dozi ya pili ilikuwa pia ziara ya pili. Tusiitukuze; mara nyingi ilikuwa dakika chache shuleni, watoto wamepanga foleni, mkono wa shati umekunjwa. Lakini linganisha na kilichobaki. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile ambacho kila mama wa Nairobi hukihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa, humfuata mtoto hadi miaka mitano: uzani, chanjo, vitamini A, dawa za minyoo. Baada ya hapo hakuna ukurasa. Kijitabu kingine cha aina hiyo atakipewa siku atakapoenda kliniki akiwa na mimba. Kati ya kurasa hizo mbili hupita miaka kumi, pengine ishirini, na ndimo mwili wa mtoto wa kike hubadilika kuliko wakati mwingine wowote. Bima ya EduAfya, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa wanafunzi wa shule za upili za umma, ilikufa bila kuachiwa mrithi anayelingana nayo. Wadi za watoto katika hospitali nyingi za umma hupokea wagonjwa hadi karibu miaka 12, kisha msichana wa miaka 13 hujikuta amelazwa kati ya wanawake waliotoka kujifungua au kuharibikiwa na mimba. Daktari wa watoto husema hilo ni la daktari wa akina mama. Daktari wa akina mama naye husema huyu bado ni mtoto.

Tulikuwa na mipango yetu zamani. Pwani, binti aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima aliyemfundisha usafi na kumweleza lililo la kawaida na lisilo la kawaida, na ambaye binti alimwendea hata baadaye. Jamii nyingine zilikuwa na shangazi au nyanya wa kazi hiyo. Si kila walichofundisha kilikuwa chema. Katika jamii kadhaa mafunzo yaliandamana na kisu, na sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja kwa sababu nzuri. Hata hivyo palikuwa na mtu mwenye jukumu. Katika Pipeline au Mathare leo, shangazi yuko mashambani, mama anatoka alfajiri na kurudi usiku, na jukumu limeachiwa shule. Shule nayo imepewa sodo. Sisemi sodo ni kitu kidogo. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo mwaka 2004, ikitangulia nchi nyingi, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017 yaliilazimu serikali kumpa sodo bila malipo kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe. Lakini sodo hupokea damu tu. Haimuulizi msichana damu hiyo ni nyingi kiasi gani, inatoka kwa siku ngapi, au kwa nini mwenzake wa miaka 16 hajawahi kuihitaji.

Maswali hayo yana majibu ya kitabibu, na hayahitaji mitambo mikubwa. Miaka miwili au mitatu ya kwanza hedhi hupishana, kwa sababu ubongo na ovari bado havijazoeana. Mzunguko wa siku 21 hadi 45 kwa msichana mdogo si ugonjwa. Damu inayozidi siku saba, au inayolowesha sodo kila saa moja au mbili, ni jambo jingine. Huenda ni homoni ambazo hazijatulia, na huenda ni ugonjwa wa damu kutoganda ambao hakuna aliyejua anao hadi alipovunja ungo. Msichana wa namna hii hupungukiwa na damu kimyakimya, hulala darasani, huitwa mvivu. Aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi anahitaji kupimwa, na aliyeota matiti kabla ya miaka minane pia. Takriban msichana mmoja kati ya 5,000 huzaliwa bila mfuko wa uzazi, au nao ukiwa haujakua, ilhali matiti na umbo lake la nje ni la kawaida kabisa. Wengi hugundua hilo wakiwa na miaka 16 au 17, na namna watakavyoambiwa siku hiyo, na nani atakayewaambia, itawafuata maisha yao yote.

Binti wa jirani yangu mtaani Umoja aliumwa na tumbo kila mwezi kwa karibu mwaka mzima. Alikuwa na miaka 14 na hajawahi kuona damu. Kituo kimoja kilimpima mimba, kingine kikampa dawa za vidonda vya tumbo, kisha akapimwa mimba tena, na mama yake akaanza kumtazama kwa jicho jingine. Siku aliposhindwa kukojoa ndipo alipopigwa picha ya ultrasaundi juu ya tumbo, ikaonekana damu ya miezi yote hiyo imekwama ndani kwa sababu kizinda chake hakikuwa na tundu. Upasuaji wake ulikuwa mdogo. Ugonjwa huo umeandikwa katika kila kitabu cha uzazi, na ishara yake ni ile ile aliyokuwa nayo: maumivu yanayorudi kila mwezi kwa msichana aliyekomaa ambaye bado hajapata hedhi. Swali la mimba lilikuwa halali kuulizwa. Kosa ni kwamba lilikuwa swali pekee, na jibu lilipokuwa hapana, huduma iliishia hapo.

Kwa watoto wadogo zaidi upotovu huu ni mchungu hata kuliko huo. Mtoto wa miaka minne au mitano anayewashwa au kutokwa na uchafu ukeni ni mgonjwa wa kawaida sana. Ngozi ya sehemu hiyo kabla ya kubaleghe ni nyembamba, haina kinga ya homoni, na iko karibu na njia ya haja kubwa. Sabuni kali, chupi iliyobana, kujipangusa kutoka nyuma kuja mbele, minyoo midogo inayotoka usiku, hata kipande cha karatasi ya msalani kilichosahaulika ndani, vyote huleta dalili hizo. Wengi hupona kwa maji safi, usafi na dawa ya minyoo. Lakini mama wa Kayole anayeona uchafu kwenye chupi ya mwanawe huwaza jambo moja tu, na akifika kwenye zahanati hukutana na mhudumu anayewaza jambo lile lile, au asiyetaka kuwaza lolote. Mmoja huanzisha tuhuma nyumbani pasipo msingi. Mwingine humrudisha mtoto aliyedhulumiwa kweli na tyubu ya krimu. Watoto wengi waliodhulumiwa hukaguliwa wakakutwa hawana jeraha lolote, kwa hivyo ukaguzi pekee hauwezi kumsafisha mtu wala kumtia hatiani. Panahitajika mtu aliyefunzwa kumsikiliza mtoto, kuchukua sampuli inapobidi, na kujua kwamba dawa ya kuzuia Ukimwi inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Ujuzi wa kutibu uchafu wa kawaida na ujuzi wa kutambua unajisi ni ujuzi mmoja. Anayeukosa huu, huukosa na ule.

Kisha kuna maumivu ya hedhi, ambayo nchi hii imeyafanya sehemu ya kulea binti: vumilia, hata mama yako aliumwa. Maumivu ya kawaida hutokana na kemikali zinazoukaza mfuko wa uzazi, na dawa kama ibuprofen, ikimezwa mapema na chakula, huzizuia kemikali hizo kwa wasichana wengi. Msichana ambaye haisaidii na ambaye hukosa shule kila mwezi anastahili kuchunguzwa kwa endometriosisi, ugonjwa ambapo tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, unaokadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na ambao aghalabu huchukua miaka kutambuliwa. Nairobi haina kisingizio cha kutoujua. Njambi Koikai, mtangazaji na sauti ya reggae ya jiji hili, alieleza hadharani mara nyingi jinsi mateso yake yalivyoanza akiwa msichana wa miaka 13, jinsi ugonjwa ulivyofika hadi kwenye mapafu, na jinsi alivyolazimika kwenda Atlanta, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Alifariki Juni 2024. Tulimlilia kwa dhati, wanasiasa wakatuma rambirambi. Msichana wa miaka 13 anayeanza safari hiyo leo huko Dandora bado ataanzia kwenye duka la dawa.

Kwa nini basi huduma hii haipo? Hoja inayosikika zaidi, na ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ni kwamba kuzungumza na watoto kuhusu sehemu hizo ni kuwafungulia mlango wa uasherati. Hoja hii ina historia. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki waliipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda wakidai ilikuwa na kiambata cha kuzuia mimba, na chanjo ya HPV ilipozinduliwa 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kiliwataka wazazi waikatae. Kanisa lina mtandao mkubwa wa hospitali na linaaminiwa na mamilioni. Silitaji ili kulidharau. Lakini tafiti zilizolinganisha wasichana waliochanjwa na wasiochanjwa hazikukuta waliochanjwa wakianza ngono mapema zaidi. Na ukitoka kwenye chanjo, hoja inaporomoka kabisa. Mtoto wa miaka minne mwenye minyoo anafundishwa uasherati gani? Binti ambaye damu yake imekwama tumboni, je? Wanaoleta hoja hii wamekubali bila kujua kwamba mfuko wa uzazi ni wa ngono tu, na hilo ndilo wazo lile lile lililomfanya mhudumu ampime binti wa Umoja mimba mara mbili.

Hofu ya ubikira ni ya karibu nayo, ila inahitaji upole zaidi. Mzazi huuliza: daktari akimkagua, si atamharibu? Daktari anayejua kazi yake hamkagui mtoto kama mwanamke aliyezaa. Mtoto hukaa mapajani mwa mama au hulala huku amekunja magoti, naye daktari hutazama tu. Chombo cha chuma hakiingizwi, na mengi huonekana kwa ultrasaundi ya juu ya tumbo. Mzazi huwepo, mtoto huelezwa kinachofanyika, na akikataa husubiriwa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo la Afya Duniani, yalitaka mwaka 2018 vipimo vya bikira vikomeshwe kila mahali kwa kuwa havina msingi wa kitabibu. Wazazi wengi wakielezwa haya hukubali. Tatizo ni kwamba hakuna anayewaeleza.

Sheria ni suala gumu zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka idhini ya mzazi kabla ya mtoto kupewa huduma za afya ya uzazi. Kwa sehemu kubwa ya magonjwa niliyoyataja sharti hilo halina ubaya, kwa sababu mzazi ndiye anayemleta mtoto, anajua lini alivunja ungo, na ndiye atakayenunua dawa. Lakini kuna msichana wa miaka 16 ambaye anayemuumiza analala nyumba moja naye, na kuna anayejua kwamba akimtajia baba habari ya hedhi hatasikilizwa. Sheria zetu nyingine zimelifikiria hilo: ile ya Ukimwi ya 2006 humruhusu mtoto aliye katika hatari kukubali kupimwa bila mzazi, na ile ya Makosa ya Kingono ya mwaka huo huo inatoa matibabu ya bure kwa walionajisiwa. Kinachokosekana ni mwongozo mmoja unaomwambia tabibu wa zahanati ni lipi anaweza kulitibu leo na lipi lisubiri sahihi. Asipokuwa nao, ataogopa, na mtu anayeogopa sheria humwambia mgonjwa arudi kesho.

Hoja yenye nguvu ni ya uchache. Sensa ya 2019 ilionyesha vifo 355 vya wanawake kwa kila vizazi hai 100,000 kutokana na uja uzito na kujifungua. Madaktari wa akina mama ni wachache na wamemezwa na wadi za kujifungulia; anayeingia hospitali ya kujifungulia ya Pumwani usiku mmoja haulizi kwa nini hawana muda wa wasichana wenye hedhi nzito. Msimamizi akiniambia kila shilingi iende kwa mama anayejifungua, namwelewa. Ila anakosea mahali pawili. Kwanza, anayepungukiwa na damu kwa miaka sita ya hedhi nzito ndiye huyo huyo atakayefika Pumwani akiwa hana damu ya kupoteza. Pili, kazi kubwa hapa si ya bingwa. Taaluma ya magonjwa ya kike ya watoto ni ya zamani. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Prague mwaka 1940, na shirikisho lake la kimataifa likaundwa 1971. Katika muda wote huo imethibitika kwamba muuguzi au tabibu anayejua maswali ya kuuliza hutatua mengi mwenyewe na kuwapeleka wachache kwa bingwa. Nairobi inaweza kumudu kliniki moja ya rufaa, hata ya siku moja kwa wiki, ambapo daktari wa watoto na wa akina mama wanakaa chumba kimoja. Wasipokuwepo wa kuwachuja wagonjwa huko Kawangware na Mukuru, kliniki hiyo itajaa wenye bima na magari.

Kwa hivyo narudi kwa ziara iliyofutwa. Muuguzi aliyekuwa arudi shuleni na dozi ya pili bado analipwa na kaunti. Arudi, si baada ya miezi sita, ila msichana akiwa gredi ya nane, umri wa miaka 13 au 14, ambao ndio wataalamu wengi wanaupendekeza kwa ziara ya kwanza ya aina hii. Asije na sindano. Aje na chumba chenye mlango unaofungwa na maswali machache: umeona hedhi, ni siku ngapi, unabadilisha sodo mara ngapi, unakosa shule, kuna kinachokuuma au anayekuumiza. Apime damu kwa tone la kidole. Idhini ya mzazi kwa ziara hii ichukuliwe mapema, siku ile ile binti wa miaka kumi anapoletewa fomu ya chanjo, mzazi akiwa tayari ameshika kalamu. Hazina ya huduma za msingi chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, inalipia wagonjwa wa nje katika zahanati na vituo vya afya, kwa hivyo anayepatikana na tatizo ana pa kuanzia bila mama yake kuuza kitu. Na kijitabu kile cha mama na mtoto kiongezewe ukurasa mmoja baada ya ule wa miaka mitano, wenye nafasi ya kuandika tarehe aliyovunja ungo, majibu yake, na jina la kituo alichotumwa.